Shajara ya mradi: CRP, chembe nyeupe na saratani ya titi, Mtwara

Nimefungua shajara hii kwa sababu wenzangu wa maabara za wilaya, Lindi na huku Mtwara, wanauliza tunawafuatiliaje waliotibiwa saratani ya titi kwa vipimo rahisi vya damu na nyama, na inagharimu nini. Nitaongeza hatua moja moja kila inapokamilika. Mambo ya kawaida nayapita mbio, palipokwama ndipo nitakapokaa. Majina, namba na vijiji vya wagonjwa havimo.

19 Februari 2024: Swali lenyewe

Akina mama wa huku wanaotibiwa saratani ya titi wengi hupita njia ile ile: upasuaji, dripu za dawa za saratani, mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kisha tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa na vipokezi vya homoni. Wakimaliza wanarudi Newala, Tandahimba, Nanyamba. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa, na mtu asiyeumwa hapandi basi usiku kucha ili akaambiwe yuko salama. Ugonjwa ukirudi, tunamwona siku amekuja na mgongo unaouma au kikohozi kisichokoma.

Tunataka kujua kama vipimo vya bei nafuu vya inflamesheni, yaani mwako wa kinga mwilini, vinaweza kutusaidia kuchagua nani aitwe mapema na nani aendelee na ratiba ya kawaida.

Uhusiano wa inflamesheni na saratani si jambo jipya. Daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow aliona chembe nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani tangu 1863. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Harold Dvorak akaeleza kwamba uvimbe wa saratani unafanana na kidonda kisichopona: chembe za kinga zinaitwa kana kwamba pana jeraha, zinamwaga kemikali za kuchochea inflamesheni kama interlukini-6 na TNF, pamoja na vichocheo vya kuotesha mishipa ya damu, lakini kazi haiishi, na saratani inanufaika na vurugu hiyo. Interlukini-6 ikifika kwenye ini, ini linazalisha protini ya CRP, ambayo sisi tunaweza kuipima kwa tone la seramu, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe.

Kuhusu kurudi kwa ugonjwa, kilichonishika mimi ni kazi ya 2018 kutoka Cold Spring Harbor, Marekani. Walionyesha kwa panya kwamba mapafu yakiwashwa na moshi wa sigara au sumu ya bakteria, nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, hurusha nyavu za DNA, na nyavu hizo huziamsha chembe za saratani zilizokuwa zimelala hapo. Panya si binadamu, hilo najua. Ila ukishasoma hivyo, mgonjwa aliyepona saratani na bado anapikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha unamtazama kwa jicho jingine.

Tumechagua vipimo vitatu: CRP, uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe) kutoka kwenye FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, na wingi wa limfosaiti ndani ya kinyama chenyewe kilichokatwa kwenye uvimbe. Interlukini-6 tumeiacha. Inataka ELISA, mashine ya kupimia protini kwa rangi, na friza isiyozimika, na hatuna hata kimoja.

11 Machi 2024: Vibali

Maombi ya kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, yamepita baada ya kurudishwa mara moja. Walichotaka kirekebishwe ni fomu ya ridhaa, maana ya kwanza ilisomeka kama hati ya mahakama. Wanaotaka kuiga wajue pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, kwa hiyo orodha ya wagonjwa haikai kwenye simu ya mtu. Sisi tunatumia daftari la kaunta lenye namba za siri, na daftari la pili lenye majina limefungiwa kabatini kwa muuguzi mkuu.

22 Aprili 2024: Mashine haijui nyutrofili

Hapa ndipo tuliposimama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Tafiti nyingi zinasema nyutrofili zikiwa nyingi na limfosaiti zikiwa chache, mgonjwa wa saratani ana hatari kubwa zaidi. Uchambuzi mkubwa wa 2014 ulikusanya tafiti 100 zenye wagonjwa zaidi ya 40,000, na kikomo cha katikati kilichotumika kilikuwa uwiano wa 4. Ukisoma juu juu unadhani unachukua karatasi ya FBP, unagawa, basi.

Mashine yetu ya kuhesabu chembe nyeupe ni ya makundi matatu. Inatoa limfosaiti, chembe za kati na granulosaiti. Granulosaiti si nyutrofili peke yake, na eosinofili, chembe zinazoongezeka mtu akiwa na minyoo, nazo zinaweza kuhesabiwa humo. Kwa nchi isiyo na minyoo tofauti hiyo haina uzito. Huku pwani, kwenye kichocho na safura, ina uzito mkubwa. Mfano halisi kutoka kwenye benchi: mashine imesema granulosaiti 62, limfosaiti 28, uwiano 2.2. Nikapaka slaidi ya damu ile ile, nikaitia rangi, nikahesabu mwenyewe: nyutrofili 45, eosinofili 18, limfosaiti 31, monosaiti 6. Uwiano halisi ni 1.45. Eosinofili 18 kwa mia! Yule mama alihitaji kupimwa kinyesi na mkojo kabla ya kupimwa kingine chochote.

Tulichobadilisha: kila sampuli ya mradi inahesabiwa kwa hadubini. Mwanzo tulihesabu chembe 100, lakini kwa 100 asilimia 60 ya nyutrofili inaweza kuwa 50 au 70 kwa bahati tu, kwa hiyo sasa tunahesabu 200, watu wawili kila mmoja peke yake, na tukitofautiana sana anaitwa wa tatu. Inachosha. Kwenye slaidi hiyo hiyo, upande mmoja, tunaweka tone nene la kutafutia vijidudu vya malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakitoshi kwa kazi hii, kwa sababu kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, na wewe unataka kujua kama malaria ipo leo. Malaria hushusha limfosaiti na kupandisha CRP, ikaharibu vipimo viwili kwa mpigo.

Jambo la pili ni kikomo chenyewe. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana kipokezi cha Duffy kwenye chembe nyekundu, hali ile ile inayotukinga na malaria ya vivax. Watu wa aina hiyo kwa kawaida wana nyutrofili chache bila ugonjwa wowote. Kikomo cha 4 au 5 kilichopatikana kwa wagonjwa wa Ulaya na Asia hakiwezi kuhamishiwa Masasi kama kilivyo. Kwa hiyo tumeacha kikomo. Tunamlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe: kipimo cha msingi, kisha mabadiliko.

Na kipimo cha msingi kisichukuliwe ovyo. CRP hupanda ndani ya saa chache baada ya upasuaji, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Deksamethasoni wanayopewa na dripu ili wasitapike hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Sasa fomu ina mistari ya tarehe ya upasuaji, tarehe ya dripu ya mwisho, steroidi (dawa za jamii ya deksamethasoni), VVU, na dawa za CTC, kliniki ya VVU. Hatuchukui kipimo cha msingi hadi kidonda kiwe kimefunga kabisa na dripu imeisha.

13 Mei 2024: Hidaya

Kimbunga Hidaya kimepita mwanzoni mwa mwezi, na mafuriko yamekata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vya CRP vilikuwa njiani. Bloku za kinyama, vipande vilivyozamishwa kwenye nta ya parafini, zilizotakiwa kwenda kwa mpatholojia, daktari anayesoma nyama kwa hadubini, ziko hapa mezani, na hazina haraka, maana parafini haiozi. Seramu ndiyo ya kuhangaikia. Tuliyonayo tumeigawa kwenye vichupa vidogo na kuigandisha, kila kichupa kwa kipimo kimoja, ili isiyeyushwe na kugandishwa tena.

Ushauri: agiza vitendanishi vya miezi mitatu kabla ya mvua za mwisho, hata kama mhasibu atanuna.

8 Julai 2024: CRP ya lateksi

Mashine ya kusoma CRP kwa namba kamili ilikuwa nje ya uwezo wetu, tukaanza na lateksi ya kwenye kadi, maji yenye punje ndogo zinazoshikana zikikutana na CRP. Boksi moja ni kama shilingi 70,000. Unaweka tone la seramu, tone la lateksi, unazungusha kadi dakika mbili. Ikiganda punje punje, CRP imefika 6 mg/L au zaidi. Ukitaka kujua imezidi kiasi gani unachanganya seramu na maji ya chumvi: ikiganda hadi mchanganyiko wa moja kwa nane, ni 48. Usisome baada ya dakika mbili, kwa kuwa tone likianza kukauka linajifanya limeganda.

Shida ya kwanza: kila mtu akawa chanya, hata kontroli hasi, sampuli ya kujaribia ambayo lazima isome hasi. Ndani ya friji boksi lilikuwa limewekwa likagusana na bamba la barafu, lateksi ikagandishwa na baridi, na lateksi iliyogandishwa na baridi haitengenezeki tena. Boksi zima likatupwa. Sasa vitendanishi vinakaa rafu ya katikati, na kipimajoto kinasomwa asubuhi na jioni. Bila kontroli hasi tungeandika kwamba wagonjwa wote wana inflamesheni, tukaishia kuwatisha watu bure.

Shida ya pili ni ya hila zaidi. Mgonjwa mmoja alikuwa na joto, amekonda, ESR (kipimo kingine cha inflamesheni) iko juu mno, lakini lateksi ikasema hasi. CRP ikiwa nyingi kupita kiasi, inazifunika punje za lateksi kila moja peke yake, zinakosa kushikana, na tone linabaki laini kama maziwa. Tulipochanganya seramu yake moja kwa kumi na sita, likaganda papo hapo. Tangu siku hiyo kila sampuli inapimwa mara mbili: seramu tupu na seramu iliyochanganywa. Gharama imepanda maradufu, lakini kipimo kinachosema "hasi" kwa mtu mgonjwa zaidi kuliko wote ni bora usiwe nacho.

Watu wananiuliza kikomo cha CRP tunachotumia. Madaktari wa Glasgow wana mfumo wao unaounganisha CRP iliyozidi 10 mg/L na albumini, protini nyingine ya damu, iliyo chini ya 35 g/L, na umetumika kwa saratani nyingi. Kwa titi hasa, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 uliwapima wanawake 734 waliokuwa wamemaliza matibabu bila ugonjwa kuonekana, na wenye CRP ya juu zaidi walikuwa na maisha mafupi zaidi. Ni uhusiano wa kundi. Haukuambii mama huyu aliyekaa mbele yako atarudiwa.

Nyongeza ya mwezi huu: mgonjwa ameleta vidonge vya aspirini alivyonunua duka la dawa, amesikia vinapoza inflamesheni. Jaribio kubwa la Marekani lililotoka mwaka huu huu liliwapa wagonjwa wa saratani ya titi aspirini ya miligramu 300 kila siku, na haikupunguza kurudi kwa ugonjwa. Tumemwambia hivyo, na tumemkumbusha tamoksifeni, ambayo alikuwa anaimeza siku akikumbuka.

2 Septemba 2024: Fomalini, kisha hadubini

Kuhesabu limfosaiti ndani ya uvimbe ndicho kipimo kilichonifurahisha kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kitendanishi chochote cha ziada. Slaidi ile ile ya rangi ya waridi na zambarau ambayo mpatholojia anaitumia kutambua saratani inatosha. Unatazama nyama ya kati, ile iliyo baina ya mafungu ya chembe za saratani, ndani ya mpaka wa uvimbe, na unakadiria ni asilimia ngapi ya eneo hilo imejaa limfosaiti. Unakwepa sehemu zilizokufa, na huchagui pale tu palipojaa. Unachukua wastani wa slaidi nzima. Mwongozo wa kimataifa wa 2014 unaeleza hatua zote.

Na hapa mambo yanageuka. CRP ikiwa juu ni dalili mbaya. Limfosaiti zikiwa nyingi ndani ya uvimbe ni dalili njema, hasa kwa saratani ya titi isiyo na vipokezi vitatu (vya estrojeni, projesteroni na HER2), ambayo ndiyo hurudi mapema zaidi. Zile ni askari walioingia ndani ya nyumba. Kwa hiyo neno inflamesheni peke yake halitoshi kwenye ripoti. Lazima useme ni chembe zipi na umeziona wapi.

Tatizo letu lilikuwa slaidi zenyewe. Nusu ya zile za zamani hazisomeki: viini vimefifia, kingo zimekauka, katikati pameoza. Chanzo ni chupa. Titi zima linatumbukizwa kwenye kopo lenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kidogo tu, au linakaa kwenye maji ya chumvi hadi kesho. Fomalini inaingia polepole, na mafuta ya titi yanaichelewesha zaidi.

Marekebisho. Tunatengeneza wenyewe: mililita 100 za fomalini kali, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye hidrojeni moja. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Titi likatwe vipande vya nusu sentimita hadi moja kabla ya kutumbukizwa, na liingie ndani ya saa moja tangu litoke mwilini. Likae si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Saa ya kuingia inaandikwa juu ya chupa kwa penseli, maana wino wa kalamu fomalini inaulamba. Makopo ya plastiki yenye mdomo mpana tumeyanunua sokoni, yale ya asali, kwa shilingi 1,500 moja. Chumba cha upasuaji kinakuta makopo yameshajazwa. Tulipokuwa tunasubiri wajaze wao, hakuna kilichobadilika.

18 Novemba 2024: Korosho

Mahudhurio yameanguka. Ni msimu wa korosho, na mtu aliye shambani Tandahimba haachi korosho zije kuokotwa na wengine ili aje kutolewa damu. Wengine wamebadilisha laini za simu. Nilipiga namba moja, akapokea kijana.

"Shikamoo kaka, mama yupo shamba, huku mtandao wa shida. Kwani kuna nini? Majibu yametoka mabaya?"

"Marahaba. Hapana, hakuna majibu mabaya. Ni tarehe yake tu imepita."

"Basi tungojee mnada wa pili, kaka. Pesa ikitoka atakuja mwenyewe, hata nauli hamtampa."

Akaja kweli, baada ya mnada. Tumejifunza kupanga ratiba kwa msimu: mahudhurio ya kati ya Oktoba na Desemba yamehamishiwa Septemba na Januari. Kila mgonjwa sasa anaacha namba tatu, moja ya kwake, moja ya ndugu, moja ya jirani au mtendaji wa kijiji kwa ridhaa yake. Muuguzi akipiga anaanza na "hakuna majibu mabaya", ndipo anasalimia. Vocha ni kama 15,000 kwa mwezi.

27 Januari 2025: Tulichoona hadi sasa

Kundi letu ni dogo, na sitatoa asilimia za kubuni. Nitaeleza wawili.

Mama wa kwanza: CRP yake ya msingi ilikuwa chini ya 6. Ikapanda hadi 48, uwiano wa chembe nao ukapanda. Malaria hakuna. Daktari alikuwa tayari ameanza kuandika rufaa. Muuguzi wetu, mtu wa Newala asiyependa haraka, akamwambia, "Mama, hebu panua mdomo." Gego la chini limeoza, fizi imevimba hadi shavuni. Liling'olewa, akapewa dawa, na baada ya wiki chache CRP ikarudi chini ya 6. Fomu sasa ina mstari wa meno. Ina pia mistari ya vidonda vya mguu, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, na uzito, kwa kuwa mafuta ya tumboni nayo hutoa interlukini-6 na kupandisha CRP taratibu bila maradhi mengine.

Mama wa pili ndiye aliyetubadilishia utaratibu. CRP haikusogea, uwiano ulikuwa ule ule, lakini kila alipokuja alisema nyonga inamuuma usiku. Picha ya eksirei ilionyesha ugonjwa kwenye mfupa. Vipimo vyetu vyote viwili vya damu vilikuwa kimya.

Miongozo ya Marekani haipendekezi vipimo vya damu vya kufuatilia saratani ya titi kwa mtu asiye na dalili. Inapendekeza kumhoji, kumchunguza kwa mikono, na mamografia kila mwaka. Mamografia kwa wengi wa huku ni safari, lakini kuhoji na kushika havina gharama. Tumeandika kanuni kubandikwa ukutani: dalili ya mgonjwa inashinda karatasi ya maabara. CRP iliyopanda inarudiwa baada ya wiki nne, maambukizi yakiwa yametafutwa na kutibiwa. Ikibaki juu, anachunguzwa upya mwili mzima na daktari. Hakuna anayemwambia mgonjwa kwamba saratani imerudi kwa sababu ya CRP.

10 Machi 2025: Gharama na kinachofuata

Kwa mgonjwa mmoja kwa hudhurio moja, CRP mbili za lateksi, slaidi, kichupa cha damu chenye kofia ya zambarau na rangi vinafika kama shilingi 5,000. Kazi ya kuhesabu chembe 200 mara mbili haimo, na ndiyo ghali kuliko vyote ukiwa na foleni ya wagonjwa wa nje. Fomalini na makopo ni kama 40,000 kwa mwezi. Kusafirisha bloku kwa basi, kifurushi kimoja, 10,000.

Albumini tunaanza mwezi ujao, mashine ya kemia ikishatengenezwa. Kabla ya hapo wagonjwa wote wa mradi wanapimwa kichocho na minyoo na kutibiwa, kisha tunachukua kipimo cha msingi upya kwa wale ambao eosinofili zao zilizidi 10 kwa mia. Rejesta ya zamani haifutwi. Tunapiga mstari mmoja mwekundu, tarehe, sahihi, na kipimo kipya kinaandikwa chini yake.